Kitanda Kilichoshushwa

Mama yangu alipohamishiwa hospitali ya Mbeya kutoka Iringa akiwa hawezi kupumua mwenyewe, nilijitwika kazi ninayoiweza: kusoma mashine. Kiwandani Mgololo nilijifunza mitambo kwa kuuliza na kusoma, bila chuo. Basi katika chumba cha wagonjwa mahututi nilisimama miguuni pa kitanda, nikitazama namba za oksijeni zikipanda na kushuka.

Siku ya pili muuguzi wa zamu, mama wa makamo wa Kinyakyusa, akasimama kati yangu na mashine.

"Baba, hizo niachie mimi. Mgonjwa wako yuko huku. Umemsalimia?"

"Si hasikii, sista?"

"Hatujui. Mimi nikimgeuza namwambia, mama, nakugeuza. Na wewe ongea naye. Kama haya madude yamekupendeza sana, tutakutafutia koti uingie zamu."

Kwetu Uheheni mtoto hamsalimii mzazi akiwa amesimama. Nikachuchumaa. "Kamwene, mama," nikasema, nikanyamaza kidogo kumpa nafasi ya kuitikia, kama alivyonifundisha utotoni. Lakini kitanda kilikuwa juu. Salamu yangu iliishia kwenye magurudumu. Muuguzi alinitazama, hakucheka. Akabonyeza kitufe, kitanda kikashuka mpaka uso wa mama ukalingana na wangu.

Tangu hapo alikishusha kabla sijaomba. Mchana aliniita na dada yangu kwenye benchi la nje, akatueleza kwa maneno ya kawaida mapafu yameamkaje na daktari anahofia nini. Hakutuahidi kwamba mama atapona. Nilijua anaweza kufa, ila sikuwa tena gizani, na usingizi ukaanza kunijia.

Asubuhi baada ya mama kutolewa mpira wa kupumulia kooni, nilikuta kitanda kiko juu. Zamu ilikuwa ya mwingine. Nikachuchumaa hivyo hivyo.

"Kamwene, mama."

Kisha sauti ya kukwaruza ikatoka juu yangu: "Kamwene. Inuka basi, sikuoni."

Nilisimama.

Yule muuguzi nilikutana naye koridoni akija kazini. Nikamweleza.

"Ameshaanza kutoa amri?" akasema. "Basi huyo anarudi Iringa."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumshukuru. Badala ya kuyasema nikachuchumaa mbele yake, nikamsalimia kama mzazi.

"Baba, inuka," akasema, akinishika kiwiko. "Watu wanapita."