Bara Nimeiacha, Bara Nimemwacha

Nikisikia harufu ya majani makavu yaliyoloweshwa maji, mie hurudi Jidda ya utoto wangu, hata nikiwa nimekaa hiyo hiyo Jidda ya leo. Zamani dirishani tulikuwa na mashine ya kupoza hewa, sanduku la bati lililoshindiliwa majani na kudondoshewa maji, likivuma kama nyuki waliokasirishwa. Wajukuu zangu hawaijui. Wao wanabonyeza kitufe. Ijumaa baada ya sala ile harufu ilichanganyika na vitunguu vya pilau na kahawa ya tangawizi, na hapo nilijua ubishi umekaribia. Nasema mapema kwamba sikusoma. Nilifika darasa la nne, na lililobaki nimelisoma kwa masikio, kwa hiyo nikienda kombo mnivumilie, nitarudi njiani.

Tulikaa mtaa wa Al-Nuzha. Baba yangu alikuwa mtu wa Unguja. Aliondoka kwao baada ya yale ya sitini na nne, akapitia Tanga, akamwoa mama yangu, ndipo wakafika huku, na Baba akapata kazi ya udereva kwa familia moja ya Al-Rawdah. Mama, kwa kuwa alikuwa mtu wa Tanga katikati ya Waunguja, shangazi yangu Zuwena alimbandika jina la Bara. “Bara, lete chumvi!” “Bara, hilo pilau au uji?” Mama alicheka akajibu, “Uji wa Bara ndio uliomkalisha kaka yako.” Jina likakaa. Mtaa mzima ukimtafuta Mama, ulimuulizia Bara.

Ubishi wenyewe ulikuwa mmoja tu miaka yote: Zanzibar itoke katika Muungano au ibaki? Leo nacheka, maana wabishi wenyewe walikwisha kutoka, wana ikama, kibali cha ukaazi, mfukoni na kafili, yule mdhamini wao, juu yao, lakini kila Ijumaa waliigombania nchi kana kwamba inawangoja wao. Baba alitaka itoke. Alisema tuliingizwa bila kuulizwa, na mdogo akila sahani moja na mkubwa, hulamba vidole akadhani ameshiba. Aliyemjibu ni Mjomba Mbwana, kaka yake Mama, aliyekuwa na teksi Riyadh na akija kwetu kila alipopata nafasi. “Haya shemeji, mmetoka,” husema Mjomba. “Mchele mtaupata wapi? Na hao Wapemba wenye maduka kila kona ya Bara, utawarudisha wangapi na utawalaza wapi?” Baba huinuka mzima. “Nchi si duka, Mbwana!” Watu hucheka, kahawa hunywewa, yalla, sala ya alasiri.

Ijumaa moja, nami nina miaka tisa hivi, nilipeleka sinia la vikombe sebuleni. Mashine inavuma, watu wanapiga kelele, Mjomba amepaliwa na kahawa kwa kucheka. Baba amesimama, kidole juu. Akasema Muungano ni ndoa, na ndoa ina talaka, na yeye leo anatoa yake. Halafu akalisema lile neno. Nilirudi jikoni mbio kama mtoto yeyote mwenye habari mpya, nikamwambia Mama, “Baba kasema Bara nimemwacha, talaka tatu.”

Mama alikuwa anakata limau. Aliweka kisu, akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi tumefunzwa chuo cha Kurani kwamba talaka haina mzaha. Ukiitamka kwa kicheko imetoka, na zikiwa tatu hakuna kurejeana. Baba alikuja akaapa kwamba alisema Bara nimeiacha, ile nchi, si mtu. Mama akamuuliza kaka yake. Mjomba akasema wallahi yeye alisikia talaka tatu tu, mengine yalimezwa na mashine. Wengine hivyo hivyo. Mama akasema hatalala katika haramu kwa kubahatisha. Kesho yake tukapanda teksi ya Mjomba, mimi na Mama, jangwa asubuhi mpaka jioni.

Riyadh tulikaa kwa Mjomba, mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, na majira ya baridi yakatukuta huko, baridi kavu ya kupasua midomo. Mama akaanza kuhesabu eda, ile miezi ya kungoja ya mke aliyeachwa. Hakulia mbele yangu, lakini alipika pilau kila Ijumaa bila mtu kumwambia, na kila Ijumaa alilipika la watu kumi. Mjomba naye alinyong’onyea. Hakuwa na wa kubishana naye. Alikaa na redio akiipinga peke yake, kisha huizima na kusema, “Shemeji angenijibu hapa.” Na mimi nilikuwa najua kwamba ni mdomo wangu uliotufikisha pale.

Eda haijesha, Baba akaja na Maalim Haji, mzee aliyetusomesha Kurani Al-Nuzha. Wakakaa. Maalim akasema nia ya Baba anaijua Mungu, lakini na ulimi una hesabu yake, na aliyelibeba neno ni mtoto. Akaniita. “Mwanangu, usiogope. Baba yako alisema nimeiacha, au alisema nimemwacha?” Baba aliangalia zulia. Mama alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, haonekani, ila pazia lilikuwa fupi. Nikaiona miguu yake. Alikuwa amevaa viatu, vile vya kutokea, na kamba amekwisha kuzifunga.

Nikasema, “Nimeiacha.”

Maalim akasema alhamdulillahi, nchi haina eda. Tukatoka kurudi Jidda, na hatujafika hata chini ya ngazi, Baba na Mjomba wameshaanza tena. Lakini toka siku ile Baba hakulitia neno Bara katika ubishi. Alisema Tanganyika. Mjomba akawaka, “Hiyo nchi haipo, shemeji!” Baba akamjibu, “Na mke wangu yupo.”

Wote wamekwenda, Mungu awarehemu, na Muungano upo, na ubishi upo. Siku hizi umehamia kwenye simu. Wajukuu wako Maskati, Dar na Unguja, wanaandikiana: tutoke, tubaki, msaliti wewe, halas, kisha mmoja anajitoa kwenye kundi na Idi nzima hawapeani hata salamu. Wana hoja kuliko Baba na Mjomba, wana tarakimu na ramani. Ila hawali sinia moja wakimaliza, na hakuna anayeiona miguu ya mwenzake. Juzi wameniuliza, “Bibi, nawe unasemaje, kutoka au kubaki?” Niliiweka simu mezani. Niliulizwa swali hilo mara moja maishani, nikalijibu kwa neno moja, na mpaka leo nikiizima mashine ya baridi na nyumba ikanyamaza, nalisikiliza upya lile neno la Baba, na silipati. Sijui alisema lipi. Viatu ndivyo nilivyoviona.