Uzito wa Jumamosi

Kila asubuhi, kabla ya chai, kaka yangu Manasseh alikuwa akianguka. Si kujikwaa. Alikwenda nyuma ya jikoni, akasimama mbele ya lundo la majani makavu ya migomba, akashusha pumzi, akajitupa kinyumenyume. Mkono wake ulipiga majani, paa! Halafu akainuka, akajipangusa, akaanguka tena kwa upande wa pili. Akimaliza aliingia ndani kunywa chai kama mtu aliyetoka kunawa uso.

Siku za kwanza wanawake waliopita njiani na vikapu vya majani chai walipiga mayowe. Mama mzee mmoja aliruka ua wetu akamkalia kifuani, ati asijiumize, na hakukubali kutoka mpaka amalize kuomba. Baadaye wakazoea. Walikuwa wakiulizana, "Manasseh ameshaanguka?" na wakisikia ndiyo, wanajua wamechelewa kuchuma.

Huo mchezo unaitwa judo. Unamshika mwenzako koti, unamtupa chini, basi. Manasseh aliupata Nairobi, alikokuwa akifagia ukumbi ambamo Mjapani mmoja alifundisha askari na vijana wa Kihindi. Jioni moja mwanafunzi akakosa mtu wa kumtupa, Mjapani akamwambia Manasseh aweke ufagio chini kidogo. Mwaka mzima Manasseh akawa mtu wa kutupwa. Siku alipofundishwa kutupa, ikaonekana hakuna anayeweza kumwangusha tena, maana kila namna ya kuanguka alikuwa ameshaimaliza.

Mwaka wa sabini na mbili paa la ukumbi lilikuwa linatengenezwa, Mjapani akawaruhusu waende makwao. Alimwambia Manasseh arudi mwezi wa saba kwenye mchujo, na akifaulu atapelekwa Ujerumani, kwenye Olimpiki ya Munich. "Wewe tunza uzito wako tu," alimwambia. Manasseh alikuja na koti lake jeupe la judo, alilolishona kwa mifuko ya unga. Mgongoni bado ungeweza kusoma kwamba unga ni wa daraja la kwanza.

"Nataka nimtupe mtu mmoja mbele ya dunia," alikuwa akituambia. "Mmoja tu. Halafu nirudi nimwoe Gesare."

Gesare alikuwa binti wa Mzee Thadeus wa Marani. Wao ni Wakatoliki, sisi Wasabato. Hilo lilikuwa limeshazungumzwa likaisha, sisi tulidhani.

Yote yaliharibika kwa sababu ya sentensi moja. Tulikuwa tunakula, Manasseh akasema, mdomo umejaa, "Kule Munich kila uzito una siku yake. Wazito kuliko mimi ni Ijumaa, wepesi kuliko mimi ni Jumapili. Watu wa uzito wangu ni Jumamosi."

Mama akaweka chini kipande cha ugali wa wimbi alichokuwa anakimega.

"Jumamosi gani?"

"Jumamosi, mama. Ile inakuja baada ya Ijumaa."

Kesho yake, kabla Manasseh hajaanguka hata mara moja, Mzee Ongeri wa kanisa letu alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba. Alisikiliza yote, macho ameyafumba.

"Siku ya Sabato hatuchoti hata maji," akasema. "Wewe unataka kubeba Mjerumani?"

"Mzee, siku sikupanga mimi."

"Siku aliipanga Mungu. Uzito ndio wako. Badilisha uzito."

Mama alifurahi sana. Kunenepesha mtoto ni kazi aliyoijua. Kuanzia siku ile Manasseh alikula ndizi mbivu na za kupika, ugali wa wimbi, maparachichi, na maziwa yote ya ng'ombe wetu wa madoa, mpaka ndama akaanza kumtazama vibaya. Majirani walileta vibakuli. Mtu akipita tu njiani alishikwa mkono akaulizwa kama ana kitu cha kumlisha Manasseh wa Ijumaa.

Mizani ilikuwa moja tu, ile ya kituo cha kununulia majani chai, ya kuning'iniza magunia. Karani wake aliitwa Ondieki. Manasseh alishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia, na wanawake wa foleni wakasogea kuona mshale.

"Sabini na sita," Ondieki akasema. "Natoa mbili za maji."

"Maji gani?" mama akauliza.

"Mvua imenyesha usiku. Kila kitu kinachokuja hapa kimelowa."

"Huyu ni mtu, Ondieki!"

"Ndiyo. Ni mtu amelowa."

"Toa maji kwenye majani yangu kama ulivyozoea. Mwanangu mwachie maji yake."

Ili awe wa Ijumaa alitakiwa apite themanini. Alizipita. Ondieki mwenyewe, baada ya kutoa maji, alitangaza themanini na moja, na wanawake wakapiga vigelegele. Manasseh peke yake hakufurahi. Akianguka sasa lundo la majani lilisambaa mpaka kwenye kibanda cha kuku, na alichukua muda kuinuka.

Jumamosi iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Ongeri alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. Usiku hakuwa amelala kwa kulifikiria hilo.

"Ijumaa jua linazama," akasema. "Likizama, Sabato imeingia. Huyu akishinda na kushinda, atafika usiku bado anashinda."

Ondieki, ambaye alisoma mpaka darasa la nane, alitaka kusaidia. "Mzee, usiogope. Jua likizama hapa kwetu, kule Ujerumani bado ni saa kumi hivi, linawaka tu."

Afadhali angenyamaza. Mzee Ongeri akamwuliza:

"Manasseh alibatizwa kwenye mto gani?"

"Huu wetu wa hapa chini."

"Kwa hiyo Sabato yake inaingia kwa jua la huku. Kule, ikifika saa kumi, awe ameshamaliza." Akamgeukia Manasseh, akaongea kwa upole. "Momura, kijana wangu, hii si ngumu. Shinda asubuhi. Ikikaribia saa kumi, anguka. Kuanguka si ndiyo kazi yako ya kila siku?"

Kaka yangu, mtu aliyetupwa mwaka mzima ili ajifunze kutoanguka, sasa anaambiwa aende ng'ambo kwa ndege akaanguke.

"Hapana, mzee," akasema. "Hiyo siwezi."

"Basi Jumapili," Mzee Ongeri akasema. "Konda."

Nyumbani chungu kikafunikwa, maana wa Jumapili hawapiti sabini. Mama alimpa uji mwepesi hata ungeweza kuona sakafu ya kikombe, na wakati anakunywa alikuwa akigeuka ukutani ili asione. Majirani waliokuwa wakileta vibakuli walikuja kuvichukua. Ndama alinenepa.

Habari ikafika Marani. Mzee Thadeus alikuja kwa miguu, rozari mkononi, fimbo mkono mwingine, akakataa kuketi.

"Mkwe wangu apigane Jumapili?" akamwuliza mama. "Wakati wa Misa? Mama Manasseh, ng'ombe wenu bado hawajafika kwangu, na kwa mwendo huu msiwafungue kamba."

"Wewe ulitaka apigane lini?"

"Ijumaa ni siku nzuri. Asile nyama tu."

Kuanzia hapo Manasseh alikuwa na nyumba mbili na matumbo mawili. Kwetu alifunga. Akienda kumtembelea Gesare, Mzee Thadeus alikaa mlangoni mpaka sinia la ndizi liishe. Gesare alimnong'oneza siku moja, nami nilikuwa nimekwenda naye, "Kula tu. Mzee amesema hutoki na njaa." Manasseh alikula huku anatoka jasho. Njiani kurudi alikuwa anakimbia vilima ili ashushe kile alichopandishiwa, na akifika mama anamshika shavu kuona kama limebonyea vya kutosha.

Siku ya kuondoka kwenda Nairobi wote walikutana kwenye kituo cha majani chai: Mzee Ongeri na watu wake upande wa magunia, Mzee Thadeus na wanawe upande wa mlango, na wanawake wa foleni katikati na vikapu vyao. Ilikubaliwa kwamba mizani ndiyo itakayosema. Manasseh akatundika koti lake kwenye msumari, akashika ndoano, akakunja magoti.

Mshale ulicheza, ukatulia. Ondieki akausogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Sabini na sita," akasema. Halafu akasema neno ambalo halijawahi kusikika pale kituoni. "Maji sitoi."

Miezi miwili ya ndizi na ya njaa, na mtu yuko palepale alipoanzia. Jumamosi.

"Mizani imeharibika," Mzee Ongeri akasema.

"Imeharibika tangu mwaka juzi," mwanamke mmoja akajibu, "na majani yetu mnapima."

"Bado kuna muda," Mzee Thadeus akasema. "Ale njiani. Nimebeba kuku."

"Leo unamlisha kuku, kesho atapigana Sabato!"

"Na wewe unamnyima ili apigane Jumapili!"

"Tupige kura," mtu akasema, na wote wakaona hilo ni jambo la haki. Mzee Ongeri akaomba wanaotaka Ijumaa wainue mikono. Mwanamke wa mbele akauliza kama anaweza kupiga kura na majani yake yakapimwa papo hapo. Mtoto aliinua mikono yote miwili, ikabidi wahesabu upya. Manasseh alikuwa bado amening'inia. Hakuna aliyemwuliza yeye, na hata angeulizwa, mikono yake ilikuwa kwenye ndoano.

Nilimwona akitazama mshale. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuta panga lake alipoliacha. Halafu akaachia.

Alianguka kinyumenyume kwenye sakafu ya saruji, paa! Akainuka, akajipangusa, akachukua koti lake kwenye msumari.

"Unakwenda wapi?" mama akamwuliza.

"Nairobi, mama. Kupimwa."

"Si umepimwa hapa?"

"Hapa nimepimwa kama majani."

Akamshika mama mkono, akampa na Mzee Thadeus mkono, na Mzee Ongeri naye, kwa adabu, kisha akapita katikati ya vikapu akatoka. Mzee Ongeri aliita, "Rudi tumalize kura!" Manasseh aliendelea kushuka barabara ya Kisii, koti begani, maandishi ya unga yakionekana mpaka kwenye mikaratusi ya kona.

Mama alisema atarudi kula. Jioni tulimwekea sahani, na kwa kuwa hatukujua kama ni ya Ijumaa au ya Jumapili, tuliijaza nusu. Hakurudi.