Maji ya Mgongo

Mume wangu ni fundi wa kanzu hapa Malindi, na mimi ni mwepesi wa hasira; hilo mtaa mzima walijua. Basi alipomkabidhi mteja kanzu yenye mikono miwili ya kulia, nilimgombeza mpaka nikakaukwa na mate. Wiki hiyo hiyo alimwita binti yetu kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa, na kila akitawadha, akifumba macho anawe uso, huyumba akashika ukuta. Hapo hasira ziliniisha, nikaingiwa na hofu. Niliona namkosa mume wangu ilhali yumo ndani ya nyumba.

"Uzee huo," majirani wakasema. Uzee gani wa miaka sitini na mitatu?

Hospitalini tulipokewa na daktari wa kike, kijana wa bara. Alituamkia shikamoo, akammulika macho kwa tochi, akamsimamisha afumbe macho, akamgonga magoti kwa kinyundo. Akapima damu. Majibu yalipotoka alituita sote wawili, akasema polepole: kaswende. Ya zamani sana, imejificha miaka na miaka, na sasa anashuku imeingia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Damu peke yake haitoshi kuthibitisha. "Baba, itabidi tukutoe maji kidogo ya mgongo."

Mume wangu akainuka, akatafuta viatu vyake. Hataki, na hasemi kwa nini.

Jina la ugonjwa lilinichoma, sikatai, lakini nililiweka kando kwanza. Nyumbani nikamkalisha kitini. "Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamwambia. "Waogopa nini, sindano?"

Akainamisha kichwa. "Mwanamume maji yake yako mgongoni. Wakiyatoa, nitabaki nani?"

Kumbe ni hilo. Sisi watu wa pwani tumekua tukisikia hivyo, nguvu za mume zi mgongoni, na yule binti wa bara angejuaje? Nilicheka mpaka machozi. "Na hayo maji wamwekea nani, wewe?"

"Nakuwekea wewe," akasema, wala hakuwa na mzaha.

Nilimpenda pale kuliko siku aliyonioa.

Kesho yake daktari alimweleza kuwa haya ni maji mengine, yanayozunguka ubongo na kushuka ndani ya uti. Akakubali. Alilala kwa ubavu, amejikunja, mkono wake ndani ya wangu. Majibu yalithibitisha. Mimi nikapimwa, sikuwa nao; daktari alisema ukishakaa miaka mingi hauambukizi tena. Alilazwa siku kumi na nne, penisilini ikiingia mshipani. Daktari hakutudanganya: ugonjwa utasimama, ila kilichoharibika huenda kisirudi chote.

Siku ya tatu wodini aliniambia alikoupata: Mtwapa, ujanani, kabla hajanijua. Akaniomba radhi. Nilimnunia siku mbili, nampelekea uji bila neno, kisha nikamsamehe.

Sasa yu nyumbani. Miguu imetulia kiasi, na humwita binti yetu kwa jina lake mwenyewe. Lakini mambo ya karibuni hayamkai. Kila asubuhi hunishika mkono, uso umemshuka kwa haya, akanieleza habari ya Mtwapa kana kwamba ndiyo kwanza anaitoa moyoni, kisha akaningoja niseme. Jana aliniomba radhi mara mbili kabla ya chai. Nikamsamehe mara mbili.