Mzee Aliyetaja Govi Dirishani

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya zahanati mpya ya binafsi hapa Buhongwa, kila mwanaume aliyeulizwa na nesi wa dirishani anaumwa nini alijibu, "Kichwa." Ikafika zamu ya mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji. Akavua kofia, akaongea kama anayemweleza bwana mifugo habari za ng'ombe wake.

"Govi limebana, mwanangu, halirudi nyuma. Nikimkaribia mama yenu naumia, nikahamia chumba cha pili. Anadhani nimemchoka."

Mkewe akainuka kwenye benchi la wanawake, akaja kumshika mkono mbele yetu. Wazee wa Kisukuma hawashikani mikono hadharani.

"Hilo linatibika, baba," nesi akasema.

Mmoja wa wale wa kichwa akarudi dirishani taratibu. "Sista, na mimi siumwi kichwa."