Sita za Walter

Maximilla Nabwire alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya utabiri wa ziwa mjini Kisumu, na tuseme ukweli, ofisi yote ilikuwa mgongoni mwake. Miaka kumi na mmoja aliilisha mashine kuukuu hesabu zinazoigiza ziwa: jinsi maji yanavyoipasha hewa joto, na jinsi hewa nayo inavyorudi kuyachapa maji. Kila asubuhi mashine ilitoa jibu, naye akaenda Dunga, ufuo wa wavuvi, kuandika ubaoni saa ya upepo mkali. Nduguye Wabwire, mvuvi aliyehama Port Victoria na mkewe Jentrix na watoto watatu wakaja kukaa kwake mtaa wa Manyatta, hakushika kasia kabla ya kuuona ule ubao.

Basi mwaka 1995 wakubwa wakaleta mashine mpya. Hii ilikuwa na akili nne zinazofanya kazi pamoja, kwa hiyo ziwa lilipaswa kukatwa vipande vinne, kila akili ichukue chake na kumpasha jirani habari za mpakani. Programu ya zamani haikujua mambo hayo. Marehemu Walter, fundi aliyemtangulia, aliiandikia akili moja tu, mstari baada ya mstari, bila kuacha maelezo hata neno. Na wakubwa, watu wale, wakampa Maximilla wiki tatu! Ijumaa ya mwisho mashine kuukuu inang'olewa, iwe isiwe.

Alifanya kazi mpaka macho yakawa mekundu. Vipande havikukubaliana: huku upepo, kule kimya, na katikati ya ziwa ukuta ambao Mungu hakuuweka. Siku moja kabla ya Ijumaa akakutana na mstari mmoja wa Walter: kila saa ya vipimo vya ufukweni, ongeza sita. Sita za nini? Kama ni tofauti ya majira, Kenya na Greenwich zimepishana saa tatu tu. Akaona ni kiraka cha kuibembeleza mashine ya zamani, maana Walter alikuwa mtu wa viraka kweli. Akaufuta. Siku hiyohiyo akapata dawa ya mipaka, vipande vikashikana, akalia kwa furaha peke yake ofisini. Muda wa kulinganisha majibu ya mashine mbili haukuwepo.

Jumamosi mashine mpya ikasema: upepo mkali saa saba mchana, jioni shwari. Akaenda akaandika.

Saa saba ikafika. Kimya. Saa nane, kimya. Ikafika saa kumi na moja, kimya bado. Akalichukua daftari la Mzee Dalmas, mpimaji wa joto la maji pale Dunga, daftari ambalo hakuwahi kulifungua kwa kuwa karani ndiye aliyeingiza namba zake. Ukurasa wa kwanza mzee ameandika: "Saa 1, jua ndiyo linatoka." Chini yake: "Saa 6, jua la utosi."

Mungu wangu! Mzee alihesabu saa kwa Kiswahili kama watu wote, kama Maximilla mwenyewe tangu azaliwe. Mashine ndiyo isiyojua Kiswahili. Saa moja ya mzee ni saba ya mashine, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya zile sita. Bila hizo, mashine iliona ziwa likipata joto kabla jua halijachomoza, ikauleta upepo saa sita mapema. Upepo wenyewe ulikuwa unakuja saa moja jioni, wakati wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wameshafika mbali wakiwa na taa zao.

Akadandia baiskeli ya boda, akamfokea mwendeshaji njia nzima.

"Mama, mbona unahema hivyo?" Mzee Dalmas akamuuliza.

"Boti ziko wapi, Mzee?"

"Zimetoka. Wengine waligoma, wakasema ubao umedanganya mchana, utadanganya na jioni. Wabwire akawachekelea. Akasema dada yake hajakosea miaka kumi na mmoja, kama ni shwari ni shwari. Wakamfuata."

"Waite!"

"Niwaite na nini, Mama?"

Boti ya injini haikuwepo ufuoni, hata moja. Maximilla akaingia majini mpaka kiunoni akipunga kitambaa cha kichwa, akiita mpaka sauti ikakauka. Boti zilikuwa vidoa tu. Upepo ukaja saa moja kasoro dakika chache.

Zilikuwa zimetoka tisa, zikarudi nane. Ya Wabwire ililetwa Jumatatu, tupu. Yeye mwenyewe akapatikana Jumatano.

Walimzika kwao Port Victoria, na kila aliyesimama alisema ziwa limemchukua. Maximilla alishindwa kuyasikiliza maneno hayo. Mazishi yalipokwisha akamvuta Jentrix nyuma ya nyumba.

"Wifi, ziwa halina kosa. Kuna mstari mmoja niliufuta, nikidhani..."

Jentrix akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yakauma.

"Nyamaza, wifi. Usinieleze. Nikishaelewa, mimi na watoto hawa tutarudi Manyatta kwa nani?"

Siku ya tatu wakapanda basi la Kisumu pamoja, mtoto mdogo mapajani mwa shangazi yake.