Mama mkwe alisema "ndege ya balozi", nikamjibu asante: bundi alivyonikosesha mke Birmingham

Wakuu, heshima zenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa. Atakayesema ni chai na anywe tu, mimi nilishameza shubiri.

Ilikuwa miaka ya 2000 katikati, naishi Hodge Hill, napiga shift za warehouse. Kuna mzee wa Kiingereza pale kazini alinifundisha starehe moja ya ajabu: kuangalia ndege wakati wa winter.

Msinicheke. Winter ya kule inakutia upweke mpaka unaongea na kettle.

Lakini ukitoka nje ya mji kidogo, kwenye mabwawa na nyanda za chini, unakuta mabata ya kila rangi yamekimbia barafu ya kaskazini, shakwe wanagombana kama wako sokoni, na mwewe juu anawapigia mahesabu. Nikiwa na darubini shingoni nilikuwa najiona mtu.

Nilikuwa na mchumba, nimwite Furaha, Mkongo wa Bukavu, familia yao iko Handsworth. Posa ilishapokelewa, bado tu kutangazwa kanisani.

Jumapili moja nikaenda naye bwawani. Alilalamika baridi weee, mara ghafla akaninyang'anya darubini: "Angalia! Angalia ule!"

Bundi. Mchana kweupe, anaelea juu ya nyasi anatafuta panya. Kuna aina yao inawinda mchana, na winter huwa wanashuka maeneo yale. Furaha alirukaruka kwa furaha, nikapiga picha. Yeye ndiye aliyemwona kwanza, hilo naomba mlishike.

Jioni tukapita kwao kula. Nikamwonyesha mama yake ile picha kwenye kamera, imefifia kidogo. Mdogo wake Furaha, mzaliwa wa kulekule, akachungulia: "Aww, it's an owl!"

Mama akatabasamu. "Owl ni nini mu Kiswahili?"

Na mimi na mdomo wangu: "Bundi, mama."

Uso ukabadilika. "Bundi? Ile njo ndege ya balozi!"

Sasa wakuu, kwetu Tanzania balozi ni mheshimiwa, gari lake lina bendera. Nikadhani ndege wangu kapewa cheo. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante sana mama."

Kumbe kwao balozi ni wachawi! Naambiwa nimeleta ndege wa wachawi nyumbani kwa watu, nami nashukuru. Mama aliinuka akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Chakula kikapoa mezani.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwenye kikao. Msemaji alikuwa baba mdogo wa Furaha. Hakuniuliza mimi, alimgeukia binti: "Na wewe uliiona ile ndege?"

Nikashusha pumzi, nikajua yameisha. Atasema ni yeye aliyemwona, watu wacheke, tule.

"Hapana, papa. Nilikuwa mu motokari. Ni yeye anapendaka kuzifuata."

Gari gani jamani? Tulienda na basi!

Nikasema ukweli wote. Ndiyo kwanza nikaharibu, maana sasa nilikuwa mchawi anayemwita binti yao mwongo. Posa ikavunjwa palepale. Mama alinifungulia mlango mwenyewe, kwa upole, akasimama mbali nisimguse.

Baada ya siku kadhaa Furaha akanipigia, analia. Eti, "Ungesema tu na wewe haukuiona, tungeoana."

Nikamuuliza, "Na siku wakikuuliza kama unanijua mimi?"

Akakata simu.

Iliniuma, na inaniuma mpaka leo, sitaki kujifanya mwanaume wa chuma. Nilichojifunza: usijisumbue kumpima mchumba mkiwa wawili, mkiwa wawili kila mtu anakupenda. Mpime siku mama yake amekaa pale.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunipa pole nitashukuru. Wa kuniambia bundi kweli ni mkosi apite kimya kimya, sina nguvu hizo. Ila nijibuni hili bila kuzunguka: kwenye kikao kile, wewe ungekana?