Saa Mbili ya Jentrix

Nakumbuka siku moja ya mgomo, mwanangu, nilipokuwa keshia katika benki ya serikali hapa Eldoret. Tulikuwa tumejaa kwenye ngazi za mbele, wafanyakazi wote wa tawi, na milango nyuma yetu imefungwa. Serikali ilitaka kuiuza benki na kutupunguza, nasi tukagoma. Lakini wacha nikuambie ukweli wangu mapema: siku hiyo mimi sikuwa nikiwaza benki kuuzwa. Nilikuwa nikimwaza Jentrix.

Jentrix alikuwa mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Alikuja kwenye tawi letu msichana mwembamba wa kutoka Kakamega, nyumbani kwetu hukohuko, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nilimfundisha kutambua noti bandia kwa kidole gumba. Nilimfundisha ni meneja yupi wa kuamkiwa na yupi wa kuepukwa kabla hajanywa chai. Nilikuwa nimekaa kaunta miaka kumi, yeye minne. Ulipofika uchaguzi wa chama, nilishona hata nguo mpya, maana nilijua nitachaguliwa. Wakamchagua yeye. Nilimpigia makofi na wengine, mwanangu, na mikono yangu ilikuwa mizito.

Tangu hapo roho haikutulia. Akisema jambo mkutanini, niliona ni maneno yangu. Akinunua viatu, niliviona vibaya. Wazee wa kaunta, ambao zamani waliniita mimi walipokosana na meneja, sasa waliita, “Jentrix, kuja kidogo.” Na yeye, ambaye hakuwa na kiburi hata chembe, alikuja kwangu kila mara kuniuliza, “Dada Agneta, wewe unaonaje?” Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningefurahi kama angeringa, nipate sababu.

Siku ya mgomo walichukua wimbo wa kanisani wakatia jina lake ndani. Watu wazima, wenye wajukuu, wakicheza na kuimba Jentrix, Jentrix, barabarani mchana kweupe. Nami niliimba. Ungekuwa karibu ungesikia kwamba kila likifika jina nilifunga mdomo.

Saa sita na nusu ukaja ujumbe kwenye simu yake kutoka ofisi ya chama Nairobi. Aliinua mkono watu wakanyamaza, akausoma: mahakama imesimamisha mgomo, wote warudi kazini kufikia saa 2. Basi. Unajua sisi watu wa ofisini tulivyo. Tunasema saa kwa Kiswahili halafu tunaandika namba iliyo kwenye uso wa saa, na mara nyingi mtu anaelewa tu. Jentrix akatazama juu, jua liko utosini, akasema saa mbili ya leo imeshapita, kwa hiyo ni kesho asubuhi wakati wa kufungua. Ilikuwa na maana kabisa. Watu wakashangilia, wakaanza kutawanyika, wengine wakapanda boda kwenda Langas, wengine Pioneer, wakapumzike.

Haukupita muda simu yangu ikalia. Alikuwa binamu yangu aliyefanya kazi tawi la Kitale.

“Nyinyi bado mko nje?” akaniuliza. “Sisi tumeshaingia. Ni leo saa nane. Atakayechelewa amevunja amri ya mahakama.”

Yule wa Nairobi aliandika mbili ya Kizungu. Nikakata simu. Jentrix alikuwa hatua chache kutoka kwangu, akikunja bango letu. Wengi walikuwa bado wanaonekana barabarani. Kipaza sauti kilikuwa miguuni pake. Nilihitaji kusema neno moja tu, nane, na kila kitu kingekaa sawa.

Sikulisema.

Nilijiambia, si yeye ndiye anayejua? Si yeye anayeimbiwa? Acha leo wamwone kwamba ni mtu wa kukosea. Nilitaka aaibike kidogo, mwanangu, naapa ni kidogo tu. Nilimwona akiitwa mbele ya meneja, akibabaika, na watu wakinigeukia mimi tena. Wivu haukuniacha hata nikumbuke kwamba na mimi nilikuwa nje, na nina watoto watatu ninaowalea peke yangu. Tulienda kibandani nyuma ya benki, mimi na yeye, akaninunulia chai na chapati. Nilikula. Saa nane ikafika, ikapita, yeye akinisimulia habari za mama yake.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuta barua mezani. Sisi wengine tulipewa onyo. Jentrix alipewa barua ya kufutwa kazi, kwa kuongoza wafanyakazi kukaidi mahakama. Chama kilijaribu kumtetea, lakini watu ishirini na zaidi walikuwa wamemsikia kwa masikio yao akitangaza saa mbili. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi, akanipa ile kalamu yake nzuri, akaondoka. Mwezi uliofuata nikachaguliwa mimi. Kiti nilichokitaka nikakikalia miaka yote hiyo, na hakuna siku niliyokikalia vizuri.

Yeye alifungua hoteli ndogo Chepkoilel, karibu na lango la chuo, akiwapikia wanafunzi githeri na ndengu. Nilikuwa nikizunguka njia nyingine nisipite pale. Mpaka nilipostaafu, nikachoka kuzunguka, nikaingia siku moja nikakaa. Nikamwambia yote. Alikuwa akipanguza meza na hakuacha kupanguza.

“Najua,” akasema. “Binamu yako aliniambia wiki hiyohiyo kwamba alikupigia.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

“Ningesema, nani angekaa na wewe kaunta? Wangekufukuza kwa midomo. Na watoto wangekula nini?” Kisha akaniambia, taratibu, bila kuinua sauti, “Mimi sikukasirika kwa sababu ulinionea wivu, dada. Nilikasirika kwa sababu ulikunywa chai yangu ukinyamaza.”

Na unajua nilihisi nini hapo, mwanangu, mimi mzee mzima wa kwenda kanisani? Nilimwonea wivu tena. Nilimwonea wivu ile roho yake, kwamba hata hiyo ilikuwa safi kuliko yangu. Ugonjwa huu hauponi kwa uzee.

Nakusimulia haya kwa sababu ya jana. Ulikuwa jikoni unanimenyea vitunguu, ukaniambia ukicheka kwamba notisi ya mgomo wenu ina kasoro, siku zake za kisheria hazijatimia, na kwamba wewe umeiona na umenyamaza, ili yule kijana waliyemchagua mwakilishi badala yako ajiaibishe mwenyewe. Wewe ulicheka. Mimi nililala vibaya.

Sikuambii usione wivu. Ningekuwa mnafiki, maana mimi bado ninao. Mwenzako akipendwa kuliko wewe itauma, na uiache iume, haitakuua. Ninachokukataza ni kunyamaza. Ukijua kitu kitakachomwokoa mwenzako kazi yake, kiseme hata kama yeye ndiye atakayesifiwa kwa kukijua. Aibu unayomtakia mtu huwezi kuipima kwa kijiko. Mimi nilimtakia kidogo, akapoteza kila kitu.

Mungu akupe mdomo mwepesi kwa mambo mema, mwanangu. Akulinde kazini, akupe wenzako wa kukuamini, na akufanye mtu wa kustahili imani hiyo. Abariki uzee wako uwe mtulivu kuliko wangu.

Sasa mpigie huyo kijana. Mpigie hapa hapa, nikisikia.